Mwaridi Unaokataa Kustawi Mwanza: Soma Jani Kabla ya Kununua Dawa

Mtu akiona mwaridi wake umepauka, hukimbilia duka la pembejeo. Anaeleza kwa maneno matatu, "maua yangu yanakufa," anapewa chupa, anapuliza, na wiki chache baadaye hali ni ileile au imezidi. Mara nyingi dawa yenyewe haina kosa. Kilichokosekana ni kujua tatizo ni lipi, na kwa mwaridi wa kandokando ya Ziwa Victoria, jambo hilo halijulikani bila kuuliza kwanza: tuko msimu gani?

Maelekezo mengi ya kutunza mawaridi yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali. Huko mmea hupukutisha majani yote, hupumzika miezi kadhaa, na magonjwa mengi hupungua pamoja na majani hayo. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Ziwa letu limeinuka mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuna joto la Dar es Salaam, lakini pia hatuna baridi ya kuulaza mwaridi. Mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Mmea unachipua Januari, unachipua Julai. Faida yake ni maua kila mwezi. Hasara yake ni kwamba vimelea navyo havikosi jani la kula. Kinachobadilika kwetu ni maji: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, kisha kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba. Jani la njano la Aprili na jani la njano la Agosti ni kesi mbili tofauti kabisa.

Basi kabla ya kufanya lolote, tazama mambo matatu: msimu, mahali dalili ilipoanzia (majani ya chini au machipukizi ya juu), na kitu ambacho mizizi imekalia. Hilo la tatu watu hulisahau, na katika mji uliojengwa juu ya miamba ndilo linaloua miwaridi mingi kuliko wadudu wote.

Madoa meusi, na majani ya chini yanaanguka

Madoa ni ya mviringo, kingo zake zimechanikachanika, na jani linageuka njano kuyazunguka. Yanaanzia chini na kupanda. Masika ikikolea unakuta kichaka kimebaki fimbo tupu zenye majani machache kileleni. Huu ni ukungu unaoitwa kitaalamu Diplocarpon rosae, na ndio adui mkubwa wa mawaridi wakati wa mvua.

Jambo la kujua kuhusu ukungu huu ni kwamba mbegu zake haziwezi kuingia kwenye jani kavu. Zinahitaji jani libaki limelowa kama saa saba mfululizo. Mvua ikinyesha usiku na asubuhi ikaamka na mawingu, saa hizo zinatimia bila shida. Lakini kuna wanaozitimiza kwa mikono yao: anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni, akafungua mpira na kukiogesha kichaka kizima kuanzia juu, anakilaza na majani mabichi mpaka asubuhi. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si kwenye majani. Mabadiliko hayo peke yake hupunguza madoa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Kisha okota majani yote yaliyoanguka na uyachome au uyafukie mbali. Usiyatupe kwenye shimo la mboji, kwa sababu ukungu unaendelea kuishi humo na kurudi bustanini na mbolea. Nyonyoa majani yaliyo karibu na ardhi, hadi kimo cha shubiri moja na nusu hivi, na ufunike udongo kwa maganda ya mpunga ili matone ya mvua yasirushe tope juu. Maganda hayo yanapatikana kwenye mashine za kukoboa mpunga, na kwenye mashine nyingi ni taka tu. Ndani ya kichaka ondoa vijiti vinavyokwaruzana, upepo wa ziwa upate kupita katikati.

Ikibidi dawa, mankozebu au dawa za kopa, zilezile wanazopuliza wakulima wa nyanya, zinafanya kazi. Ila zinakinga tu, hazitibu: jani lenye doa halirudi kuwa zima. Kupuliza mwishoni mwa Aprili kichaka kikiwa tayari uchi ni kutupa pesa. Anza mvua zinapoanza, rudia kwa kipimo cha kwenye lebo, na vaa glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Kama mwaridi wako unavuliwa nguo kila masika hata baada ya haya yote, tatizo ni aina uliyochagua. Ung'oe uweke mwingine, nitaeleza upi.

Majani ni ya njano lakini hayana madoa

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Chukua jembe dogo, chimba pembeni mwa mmea, futi moja kutoka kwenye shina, uone kuna nini chini. Kwenye nyumba za milimani, Isamilo, Capri Point, Bugando na vilima vyote vinavyozunguka mji, mara nyingi utagonga mwamba kabla hujafika mbali. Mwamba wa matale hauruhusu maji kupita. Shimo lililochimbwa juu yake hugeuka beseni: masika linajaa na mizizi inakosa hewa, na kiangazi kinapofika udongo huohuo mwembamba unakauka kwa siku moja huku jiwe likiupikia joto toka chini. Mmea huo utakuwa njano misimu yote miwili, na hakuna mbolea itakayousaidia. Dalili ya mizizi iliyozama ni majani kuwa njano kwa ujumla, chini na juu, na kuning'inia wakati udongo umelowa. Mtu anaona majani yamelegea, anadhani ni kiu, anaongeza maji.

Jaribio ni rahisi. Chimba shimo la sentimita 45, lijaze maji jioni. Asubuhi ukikuta maji bado yamesimama, hapo si mahali pa kupanda mwaridi moja kwa moja ardhini. Jenga tuta kwa mawe, ambayo Mwanza hayana uhaba, uliinue sentimita 40 au zaidi, ulijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Au panda kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu ya kutosha chini. Ndoo inafaa sana kwa waliopanga, maana ukihama unahama na ua lako.

Sehemu za bondeni zina shida yake: udongo mweusi wa mbuga, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Tiba ni ileile ya tuta. Sehemu za miteremko zina luseni, ule mchanga wa kijivu utokanao na mwamba uliomong'onyoka. Luseni inapitisha maji vizuri, lakini inapitisha na chakula vilevile. Mvua kubwa mbili tatu zinatosha kuosha naitrojeni nyingi. Ukiona majani ya chini ndiyo yanaanza kupauka na kuwa njano yote kwa usawa, machipukizi mapya ni membamba na mafupi, na uko kwenye luseni, mmea una njaa. Usiweke mbolea nyingi kwa mkupuo. Weka kidogo kidogo: kijiko kimoja cha chakula cha NPK (mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kila wiki nne hadi sita, mbali kidogo na shina, kisha maji.

Mimi nina mapenzi na mashudu ya pamba, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa sioni sababu ya kutoyatumia. Tunayanunua kwa ajili ya ng'ombe, lakini ni mbolea nzuri mno ya mawaridi: yana naitrojeni ya kutosha, yanaitoa polepole kadiri yanavyooza, na yanaelekea kwenye uchachu kidogo, hali ambayo mwaridi unaipenda. Viganja viwili kwa kichaka, yafukie kidogo kwenye udongo ili kuku wasiyale, rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kuondolewa minofu, siyashauri kufukiwa mabichi chini ya mmea, ingawa watu hufanya hivyo kwa kuwa ni ya bei nafuu. Yanavuta mbwa, mbwa wanafukua, na mizizi inaenda nao. Yaozeshe kwanza kwenye mboji yenye majani mengi.

Sasa kuna unjano wa aina nyingine: mishipa ya jani inabaki kijani, nyama ya katikati inakuwa njano. Angalia umeanzia wapi. Ukianzia kwenye majani machanga ya juu, mmea umekosa chuma. Chuma kipo udongoni, ila udongo una magadi kupita kiasi na mizizi haiwezi kukinyonya. Kwetu chanzo cha kawaida ni majivu. Majivu ya mkaa na kuni yanasifiwa kama mbolea, na kidogo si mabaya, lakini jivu la jiko la kila siku likimwagwa chini ya mwaridi uleule mwaka mzima, udongo unapanda mbali na pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 6.5 inayoufaa. Chanzo kingine ni mabaki ya saruji na chokaa ya ujenzi yaliyofukiwa karibu na ukuta. Acha majivu, ondoa kifusi, ongeza mboji na mashudu, na utakuwa na subira ya miezi. Ukianzia kwenye majani ya zamani ya chini, upungufu ni wa magnesi, na haluli (chumvi ya Epsom) ya duka la dawa, kijiko kimoja cha chakula katika ndoo ya lita kumi ya maji, inatosha kwa kichaka kimoja.

Kama una vichaka vingi na hujui uanzie wapi, pima udongo badala ya kubahatisha. TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Misungwi, hakiko mbali. Ulizia huduma hiyo huko au kwa afisa ugani wa kata yako.

Neno moja kuhusu maji. Wapo wanaolaumu maji ya ziwa kwa kuunguza majani. Ziwa Victoria ni la maji baridi yenye chumvi kidogo sana, hayawezi kuunguza mwaridi. Kingo za majani zikiungua, tazama kwanza samadi mbichi, mbolea ya dukani iliyozidi, au maji ya kisima kirefu, ambayo baadhi huwa na chumvi.

Unga mweupe kwenye majani machanga na vikonyo

Ubwiriunga. Majani machanga yanajikunja, vitumba vinaonekana kama vimenyunyiziwa unga wa ngano. Wengi wanashangaa kuuona Juni na Julai wakati hakuna mvua, kwa sababu wameambiwa ukungu ni ugonjwa wa maji. Huu ni kinyume: unapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevunyevu hewani, hali iliyopo kando ya ziwa kiangazi chote, na haupendi jani lililolowa. Unashika zaidi miwaridi iliyobanwa kwenye kona ya ukuta isiyo na upepo, au kwenye kivuli.

Kata ncha zilizoshikwa. Maziwa yasiyo na sukari, sehemu moja kwa tisa za maji, yakipulizwa asubuhi ya jua mara moja kwa wiki huuzuia ukiwa bado mchanga. Ukiwa umeenea, tumia salfa, ileile inayotumika kwenye mikorosho huko Mtwara na Lindi, lakini usipulize saa za jua kali na usiichanganye na mafuta yoyote, itaunguza majani.

Jani limepauka, limejaa vitone vidogo, na lina vumbi

Geuza jani. Kama kuna utando mwembamba na vidudu vyekundu au vya kijani vinavyoonekana kwa shida, ni utitiri mwekundu. Agosti na Septemba ndiyo miezi yake, na nyumba zilizo kandokando ya barabara za vumbi zinateseka zaidi, kwa sababu vumbi huwazuia wadudu marafiki wanaokula utitiri.

Kosa kubwa hapa ni kupuliza dawa kali ya wadudu wote. Utitiri si mdudu, una miguu minane kama buibui, na dawa nyingi hazimuui. Zinawaua maadui zake tu, na baada ya wiki mbili unakuta umeongezeka maradufu. Osha chini ya majani kwa maji yenye nguvu asubuhi, siku tatu mfululizo, rudia wiki inayofuata. Majani yatakauka kabla ya saa nne, kwa hiyo hofu ya madoa meusi haipo msimu huo. Ukitaka kuongeza, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya kipande, puliza jioni upande wa chini wa majani.

Vitumba vinatoka lakini havifunguki, au vinafunguka vibaya

Vifungue kwa kidole. Ndiyo njia pekee ya kujua.

Kitumba kikiwa kimelainika, petali za nje zimegandana na kuwa kahawia na pengine zina vinyweleo vya kijivu, hiyo ni mvua na ukungu wa kijivu. Hupata zaidi mawaridi yenye petali nyingi zilizoshonana. Vikate vyote, visioze juu ya mmea. Kama vinarudia kila masika, aina hiyo ya ua haifai kwa nyumba isiyo na baraza au kipaa cha kuikinga.

Kitumba kikiwa kikavu, kingo za petali zimeungua kahawia, hasa kwenye maua meupe na ya waridi hafifu, kipigepige juu ya karatasi nyeupe. Vijidudu vyembamba vya njano au kahawia vinavyokimbia ni vithiripi. Wanaishi ndani ya ua, dawa haiwafikii. Kata maua yote yaliyochakaa na vitumba vilivyoharibika, uvitie kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na mwagilia vizuri. Mmea wenye kiu unaumia zaidi.

Kitumba kikiwa na tundu la mviringo ubavuni na kinyesi kama ungaunga, kuna funza ndani. Mkulima yeyote wa pamba anamfahamu: ni funza wa vitumba, yuleyule anayekula vitumba vya pamba, mahindi na nyanya. Usukuma nzima ni nyumbani kwake, kwa hiyo tusishangae kumkuta kwenye waridi. Kwa bustani ya nyumbani mikono inatosha: pita asubuhi, chuma kila kitumba chenye tundu, mponde aliyemo. Kukiacha kitumba kilichotobolewa ni kumpa nafasi ya kuhamia kingine usiku huo.

Vidukari, wale wa kijani wanaojaa kwenye vikonyo vya vitumba, ni wa kufutwa kwa vidole au maji ya sabuni. Wasikunyime usingizi.

Majani mengi mazuri, maua hakuna

Hesabu jua kwanza. Mwaridi unataka saa sita za jua la moja kwa moja. Chini ya mwembe, au upande wa ukuta unaopata jua la asubuhi peke yake mpaka saa tatu, utarefuka tu kutafuta mwanga.

Jua likitosha, uliza mbolea. Urea na kinyesi kingi cha kuku vinaleta majani manene ya kijani kibichi, vidukari wengi na maua machache. Acha kwa miezi miwili.

Kisha tazama chini ya kichaka. Miwaridi mingi ya kuuzwa imebebeshwa: ua la kupendeza limeungwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Shina hilo la chini likichipua na ukaliachia, linakula chakula chote na la juu linakufa polepole. Utalitambua kwa fimbo ndefu nyororo zinazotoka chini ya uvimbe wa maungio, majani madogo ya rangi tofauti, na miiba isiyofanana. Usizikate usawa wa ardhi, zitarudi zaidi. Fukua, zifuate mpaka zinakotokea, uzinyofoe kwa mkono. Dada mmoja wa Nyegezi alinionyesha kichaka alichokuwa akikitunza kwa uaminifu ambacho chote kilikuwa shina la chini. Waridi jekundu alilonunua lilikwishakufa zamani. Mahali pa namna hiyo hakuna la kuokoa.

Na ipo miwaridi ambayo kwa asili hutoa maua mara moja tu kwa mwaka baada ya majira ya baridi. Kwetu baridi hiyo haiji, hivyo inaweza kukaa miaka ikiwa majani matupu.

Lakini sababu iliyozoeleka kuliko zote ni woga wa mkasi. Waridi huja kwenye tawi jipya. Ua likinyauka, kata tawi lake juu kidogo ya jani lenye vijani vitano, linaloelekea nje. Kwa joto letu, kutoka mkato hadi ua jipya ni wiki sita hadi nane. Anayetaka mawaridi ya Krismasi akate mwishoni mwa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba. Mwenye harusi ahesabu kurudi nyuma vivyo hivyo.

Na mara moja kwa mwaka ufanye mkato mkubwa. Hapa ndipo tunapoupa mwaridi mapumziko ambayo hali ya hewa yetu haiupi. Mimi nachagua Agosti mwishoni hadi Septemba: ni kukavu, vidonda vinafunga bila kuoza, na machipukizi yanakuwa yamekomaa kabla ya mvua za vuli kushika. Ondoa fimbo kavu, nyembamba na zinazopita katikati, punguza zilizobaki kwa theluthi moja hadi nusu, nyonyoa majani yote ya zamani yaliyobaki, na ufagie chini. Mzunguko wa magonjwa unakatika hapo. Usikate sana masika. Fimbo zilizokatwa wakati wa mvua huoza kuanzia juu.

Fimbo zinakauka toka juu kwenda chini

Kata mpaka ukutane na kiini cheupe. Ukiona bado ni kahawia, shuka tena. Futa mkasi kwa spiriti kati ya kichaka na kichaka, na utumie mkasi mkali. Kisu butu cha jikoni kinaponda tawi na kulifungulia ugonjwa mlango.

Kama ni kichaka kizima kilichonyauka ghafla kiangazi, fukua shingo ya mmea. Mchwa wanapenda vijiti vikavu na matandazo yaliyorundikwa juu ya shina, kisha wanaingia kwenye shina lenyewe likiwa na kiu. Sogeza matandazo kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Na mizizi ikiwa na vinundu vingi, ni minyoo fundo, inayopatikana sana kwenye udongo wa kichanga uliowahi kulimwa nyanya au bamia. Usipande mwaridi mwingine shimo hilohilo.

Yasiyo ugonjwa

Wingu la wadudu wa ziwani likitua usiku na asubuhi ukakuta wamefunika kuta na mawaridi, usipulize kitu. Hawali mmea. Wapukute wakikauka. Majani yaliyokatwa nusu duara safi ni kazi ya nyuki mkata majani, anajengea kiota; mwache. Machipukizi mekundu au ya zambarau ni rangi ya utoto wa mwaridi, yatakuwa kijani.

Kuchagua mwaridi utakaokubali

Zaidi ya nusu ya taabu nilizotaja zinaamuliwa siku ya kununua. Mawaridi ya mashada yanayotoka mashamba ya Arusha na Naivasha ni mazuri mezani, lakini yamezalishwa kwa ajili ya vitalu nyumba na nyanda za juu. Naivasha inakaribia mita 1,900. Vijiti vyake watu huvichomeka ardhini kwa matumaini, navyo mara nyingi huoza, kwa kuwa vimekaa kwenye baridi siku nyingi na nguvu imekwisha. Hata kikishika, kichaka chake hakijazoea mvua ya wazi.

Chanzo bora ni ua wa jirani. Mwaridi uliokaa kwa mama wa mtaa wa pili kwa miaka, haupulizwi chochote na bado una majani mwezi wa tano, umekwisha kufaulu mtihani wa Mwanza. Omba kijiti cha unene wa penseli, kutoka kwenye tawi lililotoka kuchanua, sentimita 15 hadi 20. Acha majani mawili ya juu, kichomeke nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Kisha kifunike kisikauke. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata hivyo chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako inafunika vizuri zaidi. Fungua kifuniko chake ikijaa unyevu ndani. Baada ya wiki nne hadi sita, kivute kidogo. Kikigoma, kimeshika.

Ukipata majina, tafuta jamii ya mawaridi ya Kichina na ya Chai, ambayo asili yake haihitaji baridi na huchanua mfululizo. 'Old Blush' ni la zamani na gumu. Kwa meupe, 'Iceberg', lililotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, linavumilia joto na linachanua bila kuchoka, ingawa masika linataka uangalizi wa madoa. 'Knock Out', la Mmarekani William Radler, lililoingia sokoni mwaka 2000, lilizalishwa makusudi lipambane na madoa meusi. Harufu yake ni hafifu, na mwenye kutaka waridi la kunusa litamkatisha tamaa.

Wauza miche wengi wa kando ya barabara hawana majina, nao si wa kulaumiwa. Basi nunua kwa macho. Chagua majani mazito yanayong'aa kuliko mapana laini. Chagua ua la petali chache au za wastani kama uwanja wako hauna paa. Geuza majani utazame chini. Inua kiriba, ule mfuko wenye mche: mizizi iliyotoka kitakoni na kujisokota maana yake mche umekaa humo kupita kiasi. Muulize muuzaji kama ameubebesha au ni wa kijiti. Wa kijiti hauna shina la chini la kukusumbua. Muombe akuonyeshe kichaka mama kama anacho. Usinunue mche wenye ua moja kubwa juu ya fimbo moja, nunua wenye fimbo tatu hata kama hauna ua.

Ukifika nyumbani, uweke mbali na miwaridi yako mingine kwa wiki mbili, ukiutazama chini ya majani kila asubuhi. Ukibaki msafi, uutoe kwenye kiriba na kuupanda mvua za vuli zikianza, maungio yakiwa juu ya udongo.